Kutafuta ruzuku kwa akili unde: shajara ya mradi wa asasi nne za Tanga

Shajara hii inafuata kazi ya kuzisaidia asasi nne ndogo za Mkoa wa Tanga kutafuta fedha: ya wanawake wakulima wa mwani Mkinga, ya watoto wenye ulemavu Muheza, ya kutunza vyanzo vya maji Lushoto, na ya wasaidizi wa kisheria Korogwe. Majina yao hayatajwi kwa ombi lao. Ninaandika ili mtu wa Lindi, Kigoma au Kilifi mwenye shida hiyohiyo achukue kinachomfaa, asilipie tena hasara ambayo sisi tumeshailipa.

10 Februari 2025: Tulipoanzia

Tarehe 20 Januari rais wa Marekani alisaini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90. Asasi hizi hazijawahi kusaini mkataba na USAID moja kwa moja, lakini mbili zilikuwa zikipata ruzuku ndogo kupitia mashirika makubwa yenye mikataba hiyo. Barua za kusitisha zikashuka ngazi kwa ngazi mpaka Korogwe na Muheza. Mwalimu wa lugha ya alama wa Muheza anaendelea kufundisha bila posho, na hilo ndilo linalonifanya niharakishe.

Tulichonacho ni kompyuta mpakato moja, ujuzi wangu wa Python (lugha ya kuandikia programu za kompyuta), makatibu wanne wenye simu janja, na dola 20 nilizoweka kwenye huduma ya akili unde (AI) inayotozwa kwa matumizi. Lengo: kila Jumatatu kila katibu apokee kwa WhatsApp, kwa Kiswahili, orodha fupi ya miito, yaani matangazo ya wafadhili ya kukaribisha maombi, ambayo asasi yake ina haki ya kuomba.

3 Machi 2025: Kuiuliza modeli moja kwa moja, na kwa nini tuliacha

Tulianza kwa njia ambayo kila mtu huanza nayo. Tuliieleza modeli, yaani akili unde yenyewe, asasi ni ya nani, iko wapi, inafanya nini, tukaomba orodha ya wafadhili. Orodha ikaja ndefu na yenye kuvutia. Majina mengi yalikuwa ya kweli. Tarehe za mwisho zilikuwa za miaka iliyopita zikiwa zimebadilishwa mwaka tu, anwani kadhaa za kurasa hazikuwahi kuwepo, na mfuko mmoja ulioelezwa kwa kirefu ulikuwa umeshafungwa. Katibu wa Lushoto alitumia bando la wiki nzima kufungua viungo hivyo kimoja kimoja.

Tumeweka kanuni ambayo hatutaivunja: modeli haisemi lolote kutoka kwenye kumbukumbu yake. Inasoma tu maandishi tuliyoyapakua sisi wenyewe siku hiyo, na kila jibu lazima lionyeshe limetoka wapi. Kazi yake ni ya msomaji, wala si ya mjuzi.

Wiki iliyopita Uingereza nayo ilitangaza kwamba itapunguza misaada yake kutoka asilimia 0.5 ya pato la taifa hadi 0.3 ifikapo 2027. Foleni kwenye milango iliyobaki itarefuka, kwa hiyo kuandika andiko la kuomba fedha ambalo halikuwa na nafasi tangu mwanzo kumekuwa ghali zaidi.

24 Machi 2025: Kukusanya miito

Programu sasa inapita kila asubuhi kwenye kurasa za balozi, mifuko ya Tanzania kama Foundation for Civil Society, na tovuti zinazokusanya matangazo ya ruzuku. Sehemu hiyo haikuwa ngumu. Matatizo yalitokea kwingine, na matatu yanastahili kuelezwa.

La kwanza ni kurasa mfu. Baada ya Januari, miito mingi ya fedha za Marekani ilibaki kwenye tovuti za wakusanyaji kana kwamba bado iko wazi. Sasa programu haiamini tovuti ya mkusanyaji. Inafuata kiungo hadi ukurasa wa mfadhili mwenyewe, na mwito ambao haupo huko unaondolewa.

La pili ni saa, na hili nusura liwagharimu wakulima wa mwani ombi zima. Mwito ulisema mwisho ni "5 p.m." kwa saa za New York. Modeli iliandika kwa Kiswahili "saa 5 jioni." Katibu, kama mtu yeyote wa hapa, akaelewa saa 5 usiku ya huko, yaani saa sita baada ya mlango kufungwa. Saa yenyewe kwa Kiswahili ni saa 11 jioni, na hiyo ni ya New York. Kwetu inakuwa saa 6 usiku wakati Wamarekani wako kwenye saa za kiangazi, na saa 7 usiku wakati wa baridi. Dawa yake ni kutoiachia modeli hesabu hii. Tunaiomba inakili saa na mji kama vilivyoandikwa, kisha Python inabadilisha kwenda saa za Afrika Mashariki na kuandika kwa Kiswahili pamoja na siku: "usiku wa Ijumaa kuamkia Jumamosi, saa 6." Tarehe za namba tupu kama 03/04 zinarudishwa kwa mtu azitazame, kwa sababu Mmarekani na Mwingereza hawazisomi sawa.

La tatu ni wafadhili wa nyumbani. Matangazo yao mengi hayako kwenye ukurasa wowote unaosomeka kwa programu. Yanazunguka kama picha kwenye magrupu ya WhatsApp, au yamebandikwa kwenye ubao wa halmashauri. Makatibu wanatuma picha, na Tesseract, ambayo ni ya bure na ina Kiswahili, inatoa maandishi. Picha iliyopigwa kwa mshazari inatoa upuuzi. Tumekubaliana: simama mbele ya ubao, picha moja kwa kila karatasi, isiwe na kivuli. Ubora ulipanda mara moja bila senti kutumika.

14 Aprili 2025: Kulinganisha miito na asasi

Ili programu ijue mwito upi unakaribiana na kazi ya asasi ipi, tunageuza maelezo yote kuwa vekta, yaani safu za namba zinazoonyesha ukaribu wa maana. Modeli ndogo ya lugha nyingi tuliyoanza nayo haikuwa na Kiswahili kwenye orodha yake ya lugha. Hatukuona kosa lolote kwenye skrini. Ilitoa namba tu, nazo hazikuwa na maana. Mwito wa ufugaji wa nyuki ukawa wa kwanza kwa wasaidizi wa kisheria.

Tumehamia multilingual-e5, iliyojengwa juu ya XLM-R, modeli nyingine ya lugha nyingi ambayo ilifunzwa kwa Kiswahili pia. Ni ya bure na inaendeshwa kwenye kompyuta ya kawaida. Kuna mambo mawili ya kukumbuka kwa atakayenakili. Modeli hii inataka kila kipande cha maandishi kitanguliwe na neno "query:" au "passage:", la sivyo matokeo yanafifia. Na haisomi zaidi ya tokeni (vipande vya maneno) 512 kwa mara moja, kwa hiyo mwito mrefu ukatwe vipande, usiachwe mkia wake ukapotea, maana vigezo mara nyingi vimeandikwa huko mkiani.

Ulinganisho ukawa mzuri. Hapo ndipo tulipogundua kwamba ukaribu wa mada ni jambo moja na haki ya kuomba ni jambo lingine kabisa. Juu ya orodha ya Muheza ulikaa mpango wa GGP wa Ubalozi wa Japani, unaosaidia miradi ya ngazi ya jamii. Mada ilifanana: shule, watoto, ulemavu. Nilimpelekea mama mwenyekiti kwa furaha. Akasoma, akanipigia: "Mwanangu, hawa wanajenga na kununua vifaa. Darasa tunalo. Tunachokosa ni posho ya mwalimu." Ni kweli. GGP hulipia majengo na vifaa, si mishahara wala gharama za uendeshaji. Mama aliona kwa dakika chache kile ambacho vekta haziwezi kukiona.

12 Mei 2025: Vigezo, na sheria ya kunukuu

Huu ndio moyo wa mradi, na atakayechukua sehemu moja tu ya kazi hii achukue hii.

Kwa kila asasi tumeandika karatasi ya ukweli: aina ya usajili na mwaka wake, bajeti ya mwaka uliopita, kama ina hesabu zilizokaguliwa, akaunti ya benki ina watia saini wangapi, inahitaji fedha za nini hasa, na ni nini haiwezi kufanya. Kisha modeli inapewa karatasi hiyo pamoja na maandishi yote ya mwito, na maagizo haya:

"Taja kila sharti la kuomba lililomo kwenye mwito. Kwa kila sharti, nakili sentensi yenyewe neno kwa neno. Kisha sema kama asasi inalitimiza: NDIYO, HAPANA au ULIZA. Kama mwito hausemi, jibu ni ULIZA. Usikisie."

Mwanzoni tuliishia hapo, na haikutosha. Modeli ilikuwa ikinyoosha sentensi za mwito, ikiondoa neno hapa na kuongeza pale, na neno lililoondolewa likawa ndilo lenye uzito. Sasa Python inachukua kila sentensi iliyonakiliwa na kuitafuta kwenye maandishi ya asili, baada ya kusawazisha nafasi na alama za nukuu. Isipopatikana, jibu lote linatupwa na kuulizwa upya. Ni mistari michache ya programu, nayo imeleta imani kuliko kitu kingine chochote tulichojenga. Katibu anapopokea "hapana", anaona na sentensi iliyosababisha, anaweza kubishana nayo.

Jibu la ULIZA lilizaliwa kwa sababu ya masharti ya Marekani. Wafadhili wengi wa kule wanataka mwombaji awe 501(c)(3), yaani shirika la hisani lililotambuliwa na mamlaka yao ya kodi. Modeli ilikuwa ikijibu HAPANA kwa asasi zetu zote, hata pale mwito ulipoongeza maneno "au inayolingana nayo". Maneno hayo yana njia mbili nyuma yake. Mfuko binafsi wa Marekani unaweza kuipa fedha asasi ya nje kwa kuchunguza kama inalingana na shirika la hisani la kwao, au kwa kubeba wajibu wa kufuatilia matumizi ya kila dola. Baadhi ya mifuko iko tayari kufanya hivyo, mingine haiko tayari. Hilo huulizwa kwa barua pepe ya mistari mitatu kabla ya kuandika andiko.

Tumebadilisha pia tunavyopima mafanikio. Tulikuwa tunahesabu miito iliyopatikana. Sasa tunahesabu iliyokataliwa kwa sababu sahihi. Jumatatu yenye miito miwili iliyo hai ni bora kuliko yenye ishirini. Makatibu hawa wana mashamba, watoto na vikao vya kijiji, na kila andiko linakula usiku wao.

26 Mei 2025: Gharama zilipopanda

Dola 7 ziliondoka ndani ya wiki moja. Sababu zilikuwa mbili: kila mwito ulikuwa ukisomwa upya kwa kila asasi, na miito ya nchi nyingine ilikuwa ikifika hadi kwenye modeli. Maandishi ya Kiswahili nayo hukatwa tokeni nyingi kuliko ya Kiingereza, kwa hiyo karatasi za ukweli zilikuwa zinatutoza zaidi kila zinapotumwa. Sasa vichujio vya kawaida vinatangulia: Tanzania au Afrika Mashariki imetajwa? Tarehe bado? Kinachopita hapo ndicho pekee kinachosomwa, na masharti yanatolewa mara moja tu, kisha yanalinganishwa na asasi zote nne. Matumizi yameshuka hadi takriban dola 3 kwa mwezi.

30 Juni 2025: Kile ambacho HAPANA zilikuwa zikisema

Nilipanga majibu yote ya HAPANA kwa sababu zake. Sharti lililozifungia nje asasi hizi mara nyingi kuliko lolote lilikuwa hesabu zilizokaguliwa. Kwa asasi mbili lilikuwa linaziba karibu kila mlango ulioonekana kuwa wazi. Makatibu walikuwa wakidhani Kiingereza chao ndicho kinachowaangusha. Miaka yote wamekuwa wakilipa watu wa kuwaandikia maandiko, wakati andiko lilikuwa likitupwa kwenye ukurasa wa viambatisho.

Tumemtafuta mkaguzi mwenye leseni ya NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu nchini, akakubali kuzikagua asasi mbili kwa safari moja kwa shilingi 900,000 kila moja. Lushoto wamelipa kwa michango ya wanachama. Muheza wanachanga bado. Kwa gharama hizi zote, hiyo ndiyo kubwa kuliko zote, na ningemshauri yeyote aanzie hapo kabla ya kugusa kompyuta.

11 Agosti 2025: Kufuata fedha zilizokwisha kutolewa

Miito ya wazi ni sehemu tu ya fedha zilizopo. Swali jingine ni nani tayari amewapa watu wanaofanana nasi.

Mifuko binafsi ya Marekani hujaza kila mwaka fomu iitwayo 990-PF, inayotaja kila ruzuku, mpokeaji na kiasi. Fomu hizo ni za umma, zinasomeka bure kwenye tovuti ya Nonprofit Explorer ya ProPublica, na mamlaka ya kodi hutoa mafaili yake. Tulitafuta wapokeaji wa Tanzania na kukuta mifuko ambayo haitangazi mwito wowote. Zingatia mambo mawili. Habari zimechelewa: mfuko unaofunga mwaka Desemba una hadi 15 Mei kuwasilisha, na ukiomba nyongeza hadi 15 Novemba. Na kwenye fomu kuna kisanduku ambacho mfuko hutia alama kama unawapa tu wale uliowachagua wenyewe na haupokei maombi. Mifuko mingi imetia alama. Tulipoongeza kisanduku hicho kwenye vichujio, orodha iliyojaa matumaini ilibaki na majina machache, lakini ya kweli.

Uingereza kuna 360Giving, utaratibu wa wafadhili kuchapisha ruzuku zao kwa muundo mmoja, na tovuti ya GrantNav ya kuzitafuta. Hapo mpokeaji mara nyingi ni shirika la Uingereza linalofanya kazi Tanzania, kwa hiyo tunachopata ni jina la mshirika anayeweza kuomba pamoja nasi.

Majina ya mahali yalitusumbua. Kutafuta "Tanga" kulileta kila kitu chenye "Tanganyika". "Pangani" ilileta ruzuku za mtaa wa Pangani, Nairobi, na modeli ikazieleza kwa ufasaha kama miradi ya pwani yetu. Tumeweka masharti kwamba neno liwe kamili, na safu ya nchi isomwe kabla ya safu ya maelezo.

22 Septemba 2025: Kuandika maandiko

Tuliichelewesha hatua hii makusudi. Rasimu za kwanza za Lushoto na Mkinga zilitoka zikiwa ndugu: "kuwawezesha wanajamii", "mabadiliko endelevu", "makundi yaliyo pembezoni". Ungebadilisha neno mwani kuwa chemchemi, hakuna ambaye angegundua. Mfadhili anayesoma mamia ya hizo hana sababu ya kukumbuka hata moja.

Sasa tunaanza na mahojiano. Katibu anasimulia kwa sauti, kwa Kiswahili, anachofanya Jumanne ya kawaida: bahari inapokupwa saa ngapi, kamba inafungwaje, mwani umekufa lini kwa joto la maji, mnunuzi analipa kiasi gani. Programu ya kugeuza sauti kuwa maandishi iliharibu majina ya vijiji na kuruka maneno ya Kidigo, hivyo kijana mmoja wa Mkinga anasikiliza na kusahihisha kwa shilingi 10,000 kila saa ya sauti. Kutokana na hayo tunajenga benki ya maelezo, kila moja na ushahidi wake: daftari la mauzo, picha, muhtasari wa kikao. Modeli inaruhusiwa kupanga na kutafsiri vilivyomo kwenye benki tu. Sentensi isiyo na namba ya ushahidi inafutwa.

Kwa Muheza na Korogwe kuna jambo zito zaidi. Simulizi zao zina majina ya watoto, ulemavu wao, kesi za mirathi na za vipigo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inatumika, na hata isingekuwepo, siri ya mtoto si mali yetu ya kutuma nje. Majina, vijiji na umri vinabadilishwa kwenye kompyuta yetu kabla ya chochote kwenda kwenye huduma ya mtandaoni, na mtu wa pili anapitia kwa macho. Kesi za Korogwe haziendi kabisa. Tunatumia idadi na aina tu.

17 Novemba 2025: Hali ilivyo

Mkinga wamepata ruzuku yao ya kwanza, shilingi milioni 24, kutoka kwa mfadhili wa hapa nchini. Tangazo lake lilifika kama picha ya WhatsApp. Kwa kuwa inazidi milioni 20, Kanuni za Mashirika Yasiyo ya Kiserikali za mwaka 2018 zinataka mkataba upelekwe Hazina na kwa Msajili wa mashirika hayo ndani ya siku 10 tangu kusainiwa. Hatukuwa tumeiweka kwenye programu. Sasa ukijaza tarehe ya kusaini, ukumbusho unatoka wenyewe kwa katibu na mwenyekiti.

Lushoto wameitwa hatua ya pili na mfuko tulioupata kwenye 990-PF. Barua yao ya kwanza ilikuwa na aya nne na hesabu zilizokaguliwa. Muheza wamemaliza michango, na mkaguzi anaanza mwezi ujao.

Fedha zilizotumika mpaka sasa, ukiacha ukaguzi: dola 38 za akili unde, shilingi 140,000 za kusahihisha sauti, na bando za makatibu ambazo tumeanza kuwarudishia, 10,000 kwa mwezi kila mmoja. Seva hatuna, programu inaendeshwa kwenye kompyuta yangu asubuhi, na umeme ukikatika orodha inachelewa.

Korogwe hawajapata kitu. Wafadhili wa msaada wa kisheria ni wachache, na wengi waliokuwepo walitegemea fedha zilizositishwa Januari. Hatua inayofuata ni kuchukua kutoka 360Giving ruzuku zote za msaada wa kisheria Afrika Mashariki, kutenga mashirika yaliyozipokea, na kuwaandikia kuomba ushirika kabla ya kuomba fedha. Barua ya kwanza katibu anaiandika mwenyewe, kwa mkono, kisha tutaitafsiri.